Bibi anasema dada angu ana sonona kwa sababu tumeacha kula mboga chungu. Kuna sayansi hapo au ni ubishi wa wazee tu?

#1 Buzebazeba Kwetu
Wakuu habari za jioni. Nina dada angu ana miaka 31, yuko hapa nyumbani Kigoma tangu mwezi wa pili, ndoa ilivunjika huko Dar. Mwanzo tulidhani anapumzika. Sasa mtu analala saa kumi na mbili jioni anaamka saa nne asubuhi, kuoga mpaka abembelezwe, watoto wakilia hageuki, ugali anaufinyanga tu mkononi halafu anaurudisha. Tulimpeleka wakasema ni sonona, akapewa vidonge na tarehe ya kurudi.
Juzi bibi kaja kutoka Kasulu, kamwangalia siku mbili akatoa hukumu: "Huyu damu yake imekuwa tamu, hajala kichungu." Anadai enzi zao walikula isogi (mgagani), mnafu, kisamvu cha mawese mekundu, na hakuna mtu aliyekaa na majonzi mwaka mzima. Kaja na furushi zima la majani. Mi nikaingia mtandaoni nikakuta na wazungu wanaongelea hayohayo, wanayaita polifenoli, flavonoidi, karotenoidi, nikachanganyikiwa zaidi.
Swali: vitu vilivyomo kwenye mimea tunayokula vinaweza kweli kupandisha au kushusha sonona? Na nimwache bibi aendelee wakati mgonjwa yuko kwenye vidonge? Naomba hoja.

#2 Mgebuka Mkavu
Bibi apewe maua yake 😂 "damu tamu" hiyo nimeiiba.
Pole mkuu kwa mgonjwa.

#3 Tabibu wa Zamu
Pole sana mleta mada. Kwanza vidonge asiache. Mgagani na mnafu kama mboga ya kawaida havigombani na dawa hizo, kwaiyo bibi apike. Ila ukisikia kaanza kuchemsha mizizi na magome, uliza kwanza.
Pili, bibi hajakosea kabisa. Ule uchungu ni kemikali ambazo mmea unajitengenezea usiliwe hovyo na wadudu, na polifenoli ni moja ya makundi makubwa humo, flavonoidi ni watoto wake. Maabara inaonyesha zinatuliza ule mwako wa ndani kwa ndani wa mwili (kinga ya mwili ikiwaka bila jeraha), na kwa baadhi ya wenye sonona (sio wote!) ukipima damu unakuta mwako huo uko juu. Halafu majani ya kijani yana foleti (aina ya vitamini B), na wenye foleti kidogo kwenye damu wanaonekana sana kwenye kundi la wenye sonona. Lakini kutoka hapo mpaka kusema isogi inatibu, ni safari ya Kigoma Dar kwa treni ya mizigo.

#4 Nguruka Stesheni
Na ikikwama kwetu tunawauzia karanga.

#5 Kasulu Damu
Mi niko na bibi asilimia mia. Na ndizi mnaisahau, ndizi ina serotonini ile homoni ya furaha, ndo maana Muha akishaweka ndizi tumboni hata umdai anacheka.

#6 Tabibu wa Zamu
@Kasulu Damu serotonini ipo kweli kwenye ndizi ila ya tumboni haipiti kwenda kwenye ubongo, kuna ukuta pale. Hata mwili wenyewe, kama asilimia 90 ya serotonini yake inatengenezwa kwenye utumbo na inabaki na kazi za hukohuko. Kinachopita ni malighafi yake, triptofani, na hiyo iko kwenye maharage, karanga, mayai, dagaa. Ndizi kula tu, ni nzuri, ila usiipe kazi isiyokuwa yake.

#7 Kasulu Damu
Sawa daktari umeniua kistaarabu

#8 Somo la Kemia
Naongezea kwa Tabibu hapo. Hata hii habari kwamba sonona ni upungufu wa serotonini imeshapigwa sana. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa London walipitia tafiti za miaka mingi wakasema ushahidi wa hiyo nadharia haujasimama. Wengine wakambishia vikali, na wapo waliomkumbusha kwamba dawa inaweza kusaidia hata kama hatujui vizuri inafanyaje kazi, kama panadol enzi zile. Kwaiyo tukijenga hoja ya mboga juu ya serotonini tunajenga kwenye mchanga.
Jaribio ambalo mleta mada analihitaji ni la Australia, lilitoka 2017, liliongozwa na Felice Jacka. Walichukua watu 67 wenye sonona ya kati mpaka kali, mlo wao ulikuwa mbovu, wengi tayari wanapata tiba. Wakawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likapata mtaalamu wa lishe wa kuwabadilishia mlo: mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya maharage, karanga, samaki, mafuta ya zeituni. Kundi la pili likapata mtu wa kupiga nao stori tu. Baada ya wiki 12, wa mlo kama asilimia 32 walikuwa wametoka kabisa kwenye kipimo cha sonona, wa stori asilimia 8.

#9 Mama Lishe Mwanga
Mimi nimepika miaka kumi na nne hapa Mwanga naomba niseme. Hao wa Australia walipona sababu walipikiwa. Mtu mwenye mawazo umpikie, umkalie pembeni, umwambie kula mwanangu, anakula. Sio mboga ile ni mtu. Hamjawahi kuona mteja anakuja kila siku saa saba anakula wali maharage anaongea na wewe dakika tano anaondoka? Nikimkosa wiki nauliza.

#10 Somo la Kemia
@Mama Lishe Mwanga heshima yako mama, ila hawakupikiwa. Walipewa vikao saba vya ushauri na kapu la chakula la kuanzia, kupika walijipikia wenyewe. Na ndo maana kundi la pili liliwekewa mtu wa kuongea naye, ili wasije wakasema ni ukaribu tu.

#11 Mama Lishe Mwanga
Mtu wa kupangiwa kuja kupiga stori na wewe na saa mkononi ni stori hizo?

#12 Mgebuka Mkavu
Mwalimu hapo kaa chini.

#13 Fundi Redio
Mama Lishe ana hoja kuliko mnavyodhani. Ukila mboga unajua unakula mboga, huwezi kufichwa kama kidonge cha kweli na cha bandia. Aliyewekwa kundi la mlo anajua yuko kundi lenye matumaini, na wale wengine wanajua wamepewa stori. Watu 67 ni daladala mbili na nusu tu. Mi sikatai, nasema tu msimtangazie bibi ushindi.

#14 Mnyamwezi Halisi
Watani zangu Waha nawasalimu kutoka Tabora, asali ipo.
Mnaongelea kemikali za mimea kama zote ni malaika. Tumbaku nayo ni mmea. Mi nimelima tumbaku huku upande wa Urambo misimu sita, ule wa nne wanunuzi walichelewa mpaka mzigo ukashuka daraja, madeni ya mbolea yakanisimamia kichwani. Nikaanza kuvuta niliyoilima mwenyewe. Ukivuta unahisi kifua kimefunguka, dakika arobaini unarudi chini kuliko ulipokuwa, unavuta tena. Mke wangu ndo aliniambia wewe siku hizi husemi, unatoa moshi tu. Nikotini ni kemikali ya kwenye jani kama hizo flavonoidi zenu. Nilipoacha wiki tatu za kwanza nilikuwa mbaya zaidi, baadae ndo nikaanza kuwa mtu. Kwaiyo ukisema "ni ya asili" mi sisikii kitu hapo.

#15 Buzebazeba Kwetu
Mnyamwezi asante kwa kufunguka mkuu. Pole.

#16 Kalinzi Arabika
Hakuna aliyetaja kahawa humu nimeshangaa, mnaishi Kigoma gani? Kuna utafiti wa Marekani wa 2011 waliwafuatilia wanawake zaidi ya 50,000 miaka kumi, wote ni manesi. Waliokunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku, uwezekano wa kupata sonona ulikuwa chini kwa karibu asilimia 20 kuliko wasiokunywa au wanaoonja tu. Kahawa imejaa polifenoli. Mpe dada kahawa ya Kalinzi ya kutwanga, sio ile ya kopo.

#17 Somo la Kemia
Utafiti huohuo @Kalinzi Arabika ulikuta kahawa iliyotolewa kafeini haina uhusiano wowote na sonona, na yenyewe polifenoli bado inazo. Kwaiyo kama kuna kitu pale basi mtuhumiwa ni kafeini. Au ni kinyume: mtu ambaye sonona inamnyemelea usingizi umeshavurugika, anaacha kahawa mwenyewe. Hayo yanatokea hata kwa mboga, si lazima dada wa mleta mada aliacha kula ndo akaumwa, inawezekana kaumwa ndo akaacha kula.

#18 Kalinzi Arabika
Nyie walimu mnatia watu sonona kwa kweli

#19 Dagaa Mbili
Mi kahawa vikombe viwili tu moyo unakimbia kama boti ya Kibirizi na mawazo yote ya mwaka jana yanarudi usiku. Mtu mwenye hofu nyingi msimpe.

#20 Nesi Mstaafu
Nyote mmeongea vizuri ila hakuna aliyeuliza wingi wa damu wa mgonjwa. HB imepimwa? Mwanamke wa miaka 31, ana watoto, hali vizuri, analala sana, mzito. Nimeona wengi wakiandikwa sonona kumbe damu iko 7, na wengine wana vyote viwili kwa pamoja, damu ndogo na moyo mzito. Na hapa kemikali za mimea ziko kazini kweli ila kwa upande mbaya: chai ya rangi. Ile rangi ni tanini, polifenoli hizohizo mnazozisifia, zinashika madini chuma ya kwenye mboga na maharage yasiingie mwilini. Mtu anakula mchicha vizuri anashushia na chai ya rangi kikombe kikubwa. Chai asubiri saa moja mbili, na kwenye mboga akamulie ndimu. @Buzebazeba Kwetu dada anakunywa chai wakati gani?

#21 Buzebazeba Kwetu
Shikamoo nesi. Anakunywa chai muda wote, ndo kitu pekee anachoomba mwenyewe. HB sijui, sikumbuki kama walipima.

#22 Nesi Mstaafu
Marahaba. Kesho mpeleke.

#23 Katonga Mwaloni
Mjadala mzuri. Naomba niongezee muhogo, maana ndo ugali wetu. Muhogo mchungu una linamarini, inayotoa sumu ya sianidi, ndo maana tunavundika siku tatu nne kabla ya kuanika. Siku hizi wauza unga wengine wanaharakisha, wanavundika siku moja wanaanika. Kinachobaki mwili unakigeuza kuwa thiosianeti ambayo inazuia tezi ya shingo kuchukua madini joto. Kama na chumvi ya nyumbani haina madini joto, tezi inalegea. Tezi ikilegea mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, analala, hana hamu na kitu. Mnasema sonona, kumbe ni rovu linaanza.

#24 Tabibu wa Zamu
@Katonga Mwaloni njia uliyoieleza ni sahihi, tezi iliyolegea inaiga sonona vizuri sana. Ila kwa mtu aliyekaa Dar miaka anakula sembe, muhogo wa tangu mwezi wa pili nisingemkamata wa kwanza. Kumpima tezi sio vibaya.

#25 Ujiji Mwembeni
Kuna jambo la kwetu kabisa hamjaligusa. Mahale, wilaya ya Uvinza hapo, mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman akiwa na mzee wa Kitongwe aliyejua mitishamba walimwona sokwe jike anaitwa Chausiku, mgonjwa, hali, analala mchana. Akachukua shina la mti mchungu, Watongwe wanauita mjonso, wengine mnauita umubilizi, akamenya, akatafuna akanyonya maji akatema nyuzi. Kesho yake alikuwa mzima. Yule mzee akasema na sisi tunautumia. Kwaiyo kichungu cha bibi hata sokwe anakijua.

#26 Kasulu Damu
HAPO SASA. Bibi 1 mwalimu 0

#27 Somo la Kemia
Ile ni minyoo jamani. Kemikali za ule mti zinapambana na minyoo na vimelea, hawakusema Chausiku alikuwa na huzuni.

#28 Dagaa Mbili
Ulimuuliza?

#29 Ujiji Mwembeni
Haya, tuje Gombe basi, huko huzuni ipo kwenye kumbukumbu. 1972 sokwe bibi aliyeitwa Flo alikufa. Mwanae Flint alikuwa na miaka minane hivi, mkubwa tu wa kutosha kujitegemea, lakini alikuwa hajawahi kumwachia mama. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa huko, alieleza jinsi Flint alivyokaa, akaacha kula, akajikunja, wiki chache tu naye akafa karibu na pale mama yake alipofia. Na msitu mzima ule wa majani uko mbele yake.

#30 Mama Lishe Mwanga
Ndo nilichosema #9.

#31 Fundi Redio
Hiyo #29 imenikalisha.

#32 Mitishamba Bora
Nina unga wa majani 21 unaondoa sonona, msongo, nguvu za kiume, presha na sukari. Njoo inbox.

#33 Mgebuka Mkavu
Majani 21 na hakuna hata moja la aibu 😂

#34 Tabibu wa Zamu
Huyu awe mfano. Mimea yenye nguvu ya kweli ndo ya kuogopa zaidi. Kuna mmea wa Ulaya unaitwa St John's wort, ni moja ya michache yenye majaribio mengi kwamba unasaidia sonona ya wastani. Lakini unaamsha ini lifukuze dawa nyingine haraka: baadhi ya ARV zinashuka, vidonge vya uzazi wa mpango vinashuka, na ukiuchanganya na dawa za sonona kama fluoksetini serotonini inaweza kupanda mpaka hatari. Hata balungi, tunda tu, linapandisha dawa fulani kwenye damu, kabamazepini ya kifafa mojawapo. Sasa we unga wa majani 21 nani anajua kuna nini?
Na kwa anayetaka kujua kama mmea unaweza kumtia mtu sonona: kuna reserpini, ilitolewa kwenye mizizi ya mti wa India mwaka 1952 ikawa dawa ya presha. Miaka hiyohiyo madaktari wakaanza kuripoti wagonjwa wa presha wamezama kwenye sonona. Mpaka leo wanabishana kama kweli ilikuwa yenyewe.

#35 Nguruka Stesheni
Upupu je? Nimesikia una dawa ya ubongo

#36 Somo la Kemia
Mbegu za upupu zina L-dopa, ile dawa ya ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson. Sonona ni habari nyingine. Na we ukienda kuchuma nipigie simu nije nishike kamera.

#37 Bibi Mawese
Mawese mmeyarukia. Wekundu wake ni karotenoidi, ndo hiyohiyo ya karoti ila nyingi zaidi. Tatizo akina dada wanayachoma mpaka yanakuwa meupe ndo wanatia kitunguu, wanasema harufu. Ukishayafanya meupe umechoma kile ulichokinunulia. Na isogi hivyohivyo, wanachemsha wanamwaga maji mara mbili kukata uchungu.

#38 Tabibu wa Zamu
Maji ya kwanza yanaondoka na foleti pia, ni kweli. Ila mama, mwenye sonona ukimpa isogi yenye uchungu wote hatakula hata tonge, bora ipungue uchungu aile. Chemsha kidogo, mwaga mara moja, weka maziwa au karanga.

#39 Kasulu Damu
Mtoe uchungu wa mboga chungu kisha muite nini? Mchicha?

#40 Binzari Nyembamba
Manjano nayo ina kukumini, kuna majaribio madogo yameonyesha inasaidia kidogo kwa wenye sonona. Shida haiingii mwilini. Wahindi walipima 1998, ukiichanganya na pilipili manga inaingia mara 20 zaidi. Mimi natia vyote kwenye uji wa mama mkwe, furaha sijaiona bado ila amepunguza kununa.

#41 Mgebuka Mkavu
Hiyo nayo ni data 😂😂

#42 Buzebazeba Kwetu
Wakuu nimerudi, siku 19 zimepita, asanteni wote. Tulienda kupima. HB ilikuwa 8.4, kapewa vidonge vya kuongeza damu, vya sonona anaendelea navyo, tezi tumeambiwa iko sawa. Chai ya rangi tumemkatia muda, tuligombana siku mbili. Bibi hajaondoka. Kila asubuhi anamwaga lundo la isogi kwenye ungo anamwita dada aje kuchambua, hamuulizi chochote, anamsimulia tu ugomvi wa watu wa zamani wa kijijini ambao wote wameshakufa. Wiki ya kwanza dada alikuwa anachambua kimya. Juzi nikamsikia anauliza "kwani yule wa ng'ombe aliishia wapi?" Anaoga mwenyewe. Bado analala mapema, na Jumapili alilia sana. Sijui ni kipi kimefanya nini.

#43 Nesi Mstaafu
8.4! Ni damu hiyo. Aendelee miezi mitatu asiache.

#44 Mama Lishe Mwanga
Ni ungo huo.

#45 Somo la Kemia
Vidonge vya sonona navyo vinachukua wiki kadhaa kushika, mahesabu yanaangukia hapohapo.

#46 Kasulu Damu
Wote mnakwepa ISOGI

#47 Tabibu wa Zamu
Tarehe ya kliniki msiipite mkuu, na hilo la kulia Jumapili mwambieni daktari.

#48 Dagaa Mbili
Mleta mada nje ya mada kidogo, yule wa ng'ombe aliishia wapi?

#49 Buzebazeba Kwetu
Bibi anasema alihamia Nguruka.

#50 Nguruka Stesheni
Msinitafute.